Barua ya wazi kwa wakubwa wa uvuvi: kabla ya meli, tupeni barafu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Mkuu wa Mkoa wa Lindi, Mkurugenzi wa Halmashauri ya Kilwa, mbunge wetu, na mwingine yeyote mwenye muhuri.

Waheshimiwa shikamooni, na mlio wadogo zangu marahaba. Poleni na majukumu.

Mimi ni mama mchuuzi wa samaki huku Kilwa. Nanunua dikoni, pale vyombo vinaposhushia samaki, wengine nawakaanga nauza jioni, wengine nawapeleka Nangurukuru pale njia panda mabasi ya kusini yanaposimama. Cheo sina, kwenye BMU, kile kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, ni mwanachama wa kawaida tu, yule anayekaa nyuma na kuambiwa "mama subiri kidogo". Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu za kwenye bahasha tumeshapeleka, zinapokelewa vizuri, zinagongwa muhuri, alafu kimya.

Kila mwaka bajeti ikisomwa tunasikiliza redioni na tunachosikia ni tani. Tani zilizovuliwa, boti zilizokopeshwa, na kwamba uvuvi mzima unachangia chini ya asilimia mbili ya pato la taifa, na humo humo kubwa lao ni Ziwa Victoria, sisi wa maji chumvi ni kipande kidogo. Sawa, hesabu ni zenu, mie siwezi kubishana na wasomi. Ila siku moja njooni msimame Kilwa Kivinje alfajiri vyombo vinapoingia, muulize hapa kuna nani ambaye hela yake haijapita kwa samaki, mtakosa wa kumnyooshea kidole.

Maana chombo kimoja kikirudi, kwanza inatolewa hela ya mafuta na chakula, inayobaki nusu anachukua mwenye chombo na nyavu na mashine, nusu ya pili ndo mabaharia wanagawana na nahodha anaongezewa chake, pengine wanagawa tofauti kidogo lakini mwendo ni huo. Hao ndo mnaowahesabu nyie, wavuvi. Sasa humo hamjamtia kijana anayebeba ndoo kutoka majini, hamjatia wanaopara samaki, dalali wa mnada, fundi wa mashine, mzee anayeshona nyavu chini ya mkungu, fundi wa ngalawa, muuza petroli wa madumu, mama wa uji na vitumbua ambaye wateja wake wote ni mabaharia, bodaboda anayekimbiza matenga barabarani, na mangi wa dukani ambaye anakopesha unga kwa kuangalia bahari, kukiwa na upepo mkali wa kusi anafunga daftari, ule wa kaskazi ukitulia analifungua. Hata ada za walimu wa madrasa zinalipwa kwa changu na tasi. Ukimwondoa samaki hapa si kwamba uchumi unakuwa dhaifu, haupo kabisa, labda korosho na ufuta kwa msimu wake na wenye mashamba ni wengine.

Kwa hiyo barua yangu haihusu tani. Inahusu hela inapoishia. Samaki wanavuliwa hapa, ila hela inayobaki hapa ni ndogo mno, na sababu kubwa kuliko zote ni kitu cha kijinga, barafu.

Nieleze kidogo kwa wale ambao samaki wanamwonaga kwenye sahani tu. Samaki ana bei ya saa. Tuseme saa moja asubuhi changu mzuri anauzwa elfu nane kilo. Ikifika saa nne jua limewaka kama huna barafu wanunuzi wanaanza kumbonyeza macho, elfu sita. Saa saba mchana ni elfu tatu, na hapo unamshukuru aliyenunua. Alasiri anaingia kwenye chumvi awe ng'onda, si kwa sababu mtu anataka ng'onda, ni kwa sababu hana jinsi. Samaki ni yule yule, mvuvi ni yule yule, mafuta ya kumfuata yalichomwa yale yale. Kilichobadilika ni jua tu. Na mwenye gari la barafu anajua hilo kuliko sisi, anaweza kukaa kwenye kivuli na soda yake akasubiri mpaka bei ijishushe yenyewe, hana haja hata ya kubishana na wewe.

Barafu yenyewe inatoka wapi? Kwenye diko letu inakuja na magari ya wanunuzi kutoka Dar, kilomita kama mia tatu hivi, vipande vinashushwa vimeshayeyuka robo. Inakuja kwa ajili ya samaki wao, sisi tunaombea mabaki. Na hapa niseme jambo ambalo kila mtu Kilwa analisema kimoyomoyo. Gesi ya Songosongo iligunduliwa 1974 na tangu 2004 inapita kwenye bomba kwenda Dar kufua umeme. Songosongo ni Kilwa. Kwa hiyo gesi inatoka baharini kwetu, inakwenda Dar, inazalisha umeme, umeme unagandisha maji, maji yaliyogandishwa yanapakiwa kwenye lori yanarudi Kilwa tunauziwa. Mimi sijasoma sana lakini hii safari naiona ina kona nyingi.

Mwaka 2024 mwezi wa tano kimbunga Hidaya kilipopita, mvua zikaikata barabara ya Dar huku Somanga, magari yakakwama siku kadhaa. Wengine waliongea kuhusu abiria na ni kweli walipata tabu sana. Lakini fikiria samaki. Abiria anaweza kulala kwenye basi, samaki hawezi. Barabara moja ikikatika Kilwa nzima haina pa kuuzia wala pa kuhifadhia, tunakula wenyewe mpaka tunachoka, na mtoto nyumbani hana daftari huku sufuria limejaa vibua.

Sasa kuna mtu atasema tatizo ni matajiri, wanunuzi wanaowanyonya wavuvi. Naomba tuliongee hili taratibu maana wakubwa mkisikia neno "kunyonya" mnakuja na difenda. Tajiri anampa kijana nyavu, mashine, hela ya mafuta. Kwa hiyo kijana lazima amuuzie yeye, kwa bei yake, na akipima anapima yeye. Ndiyo, inauma. Lakini huyo huyo tajiri mtoto akiugua usiku ndo unamgongea mlango, mtu akifa ndo anatoa sanda. Benki haifanyi hivo na serikali haifanyi hivo. Mkimkamata tajiri bila kuweka kitu mahali pake mmemuua mvuvi mara mbili. Kinachomfanya tajiri awe na nguvu si roho mbaya, wengine ni watu wazuri tu, ni kwamba yeye ndo mwenye barafu na yeye ndo mwenye mizani. Weka barafu nyingine na mizani nyingine pale pale dikoni, mtaona anavyoanza kuongea kwa adabu.

Mizani nayo. Huku bado tunauziana kwa ndoo, kwa fungu, kwa mkono, kwa "angalia mwenyewe mama". Ndoo za dikoni zote mnazijua, zinapashwa moto zikatanuka. Ndoo ya kununulia ni kubwa ndoo ya kuuzia ni ndogo. Ushuru wa halmashauri lakini hauchelewi wala haukosei, mkusanyaji ana mashine yake ya risiti inafanya kazi hata siku mtandao umekata kila mahali. Sikatai ushuru, naomba tu ile hela irudi hata kidogo iwe sakafu ya saruji, bomba la maji safi na mizani moja iliyokaguliwa na wakala wa vipimo.

Niwape mfano ambao utawauma kama ulivyoniuma mimi, wa pweza.

Pweza ni biashara ya kina mama hasa, na vijana wa kuzamia. Maji ya bamvua, yale yanayojaa sana na kukupwa sana, yakikupwa tunatembea kwenye mwamba na vijiti, kila mtu anajua mashimo yake. Pweza wetu hawaliwi hapa peke yake, wanagandishwa wanapelekwa Ulaya huko, Italia, Ureno, Hispania. Kanuni zinasema chini ya gramu 500 usimuuze na sisi tunaikubali hiyo. Miaka ya karibuni vijiji kadhaa Songosongo, Somanga na kule Mafia vikafundishwa utaratibu wa kufunga mwamba. Mnakubaliana mwamba fulani haukanyagwi kama miezi mitatu, doria mnafanya wenyewe, alafu unafunguliwa. Pweza anakua haraka sana, kwa hiyo mwamba ukifunguliwa unakuta madude, kilo mbili, kilo tatu. Watu waliobisha mwanzoni, na mimi nawajua wengi waliobisha, walinyamaza.

Ila siku ya kufungua wote mnaingia siku moja, maana ni bamvua moja na mwamba ni mmoja. Pweza wanatoka kwa wingi saa hiyo hiyo. Mnunuzi amekuja mmoja na gari moja na barafu ya kujaza gari hilo tu. Mimi nimeyaona haya dikoni kwetu, mpaka saa tano gari limejaa, bei imeanguka, na waliobaki wanauza kwa hasara au wanabeba nyumbani. Sasa niambieni, huyu mama aliyelinda mwamba miezi mitatu bila kuvua, akala mihogo ili pweza wakue, mwakani mtamwambia nini? Uhifadhi umefanya kazi yake vizuri kabisa. Bahari imetimiza ahadi. Aliyeshindwa ni friji. Mkiwa na ghala baridi la kijiji, hata dogo, pweza wale wanakaa, wanunuzi wanapigiwa simu watatu wanashindana, na mwamba unafungwa tena bila ugomvi. Semina zote za mazingira mnazotuletea na soda na posho zinaweza kushindwa na kitu kidogo hivi.

Dagaa nako hivo hivo kwa namna yake. Wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, asubuhi wanachemshwa na chumvi wanaanikwa. Soko lipo, tena kubwa, wafanyabiashara wananunua wanapeleka mpaka Kongo, Lubumbashi huko dagaa wa bahari wanapendwa. Lakini kuanika tunaanika juani, chini kwenye nyavu na turubai, mvua ya saa moja ikishuka mzigo wa usiku mzima ni chakula cha kuku. Na kuchemshia tunatumia kuni. Kuni zinatoka wapi hapa pwani? Mnajua. Mikoko. Kuanzia delta ya Rufiji mpaka huku kwetu ndo kuna mikoko mingi kuliko sehemu yoyote ya pwani hii, na ni humo humo kamba na samaki wengi wanakulia. Kwa hiyo tunakata kitalu cha samaki tupikie samaki. Kila mtu anajua ni vibaya na kila mtu kesho asubuhi atakata, kwa sababu gesi ya mitungi mama hawezi kuchemshia ndoo themanini za dagaa, hesabu haikubali. Majiko ya kuokoa kuni na chanja zenye paa la nailoni siyo teknolojia ya kwenda mwezini jamani.

Sitaki muone tunalalamika tu. Mliposimamisha meli za kukokota nyavu za kuvulia kamba mwaka 2008 tulishukuru, maana zile zilikuwa zinapita karibu zinazoa kila kitu na kumwaga samaki waliokufa. Mabomu ya baruti pia, miaka ya nyuma mtu ulikuwa unafua nguo unasikia mlipuko baharini, kikosi cha pamoja cha vyombo vya serikali kilipoanza kazi 2015 na msako ukakaza yakapungua sana, mwamba umeanza kupumua. Kwa hiyo mkitaka mnaweza, hilo tumeshaliona kwa macho.

Sasa tuje kwenye bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko. Mheshimiwa Rais aliweka jiwe la msingi Septemba 2023, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260, na kwenye mchoro kuna gati, mitambo ya barafu na maghala baridi. Hapa roho yangu inagawanyika. Upande mmoja najivunia, Kilwa kupata mradi wa namna hii si mchezo, sisi tumezoea kuitwa kwenye magofu tu. Upande wa pili naogopa. Naogopa kwa sababu bandari imepigiwa hesabu ya meli za bahari kuu, jodari na nduaro. Na meli hizo ni za kuringa. Mlipoweka tozo ya dola 0.4 kwa kilo zikahamia leseni za majirani, mkaiondoa. TAFICO, shirika la uvuvi la serikali, lilianzishwa 1974, likafa, limefufuliwa, tunaombea lipate meli zake. Na wote tunakumbuka "samaki wa Magufuli", ile meli ya kigeni Tawariq 1 iliyokamatwa 2009, Magufuli akiwa waziri wa uvuvi, na jodari takribani tani 300 kutoka kwenye maji yetu. Siku ile nchi nzima ilijua huko nje kuna utajiri. Sawa. Lakini jodari wa bahari kuu akishushwa na meli ya kigeni, akagandishwa, akapakiwa kontena akaenda zake, dikoni kwetu ameacha nini? Ushuru wa gati, ajira za wapakiaji kadhaa, na picha ya mheshimiwa na koti la kuakisi mwanga. Mgao ule niliowaeleza juu, wa nahodha mpaka mangi, haupo humo.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo na nitakisema bila kuzunguka. Ile mitambo ya barafu ya Masoko iuze barafu kwa kila mtu kuanzia siku ya kwanza, na kwa mama mwenye tenga moja pia, siyo kwa tani peke yake kwa makampuni. Bei iandikwe kwenye geti kubwa ionekane, na isipandishwe msimu wa kaskazi eti kwa sababu samaki ni wengi. Alafu msituache sisi wa mbali, kutoka Pande au Somanga mpaka Masoko kufuata barafu na kurudi ni nauli inayokula faida yote, wekeni mitambo midogo kwenye madiko makubwa, ya umeme penye umeme na ya sola pasipo na umeme wa uhakika, na wakabidhiwe BMU na kikundi cha kina mama pamoja, siyo BMU peke yake, sababu zake mnazijua na tukiziandika hapa tutagombana na waume zetu.

Ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, asilimia nne za wanawake, tungependa kuichukua kwa ajili ya majokofu na majiko ya dagaa. Lakini masharti yanataka tulipe kila mwezi sawa sawa kama vile tuna mishahara. Bahari haina tarehe 30. Kuna miezi ya kusi ambayo chombo hakitoki wiki nzima, mwezi huo unataka nikulipe na nini? Pangeni marejesho yafuate msimu, kaskazi tulipe kubwa, kusi tulipe kidogo au tupumzike, mtaona watu wanavyorejesha. Na hizi boti za kisasa za mkopo usio na riba ni nzuri, hongereni kweli, ila kila boti inayotoka itoke na kasha la barafu na mahali pa kununulia barafu, la sivyo mnamkopesha kijana uwezo wa kuleta samaki wengi zaidi waje kuharibika pamoja, na deni ni la kwake.

Kuna ofisa mmoja aliniambia kwenye kikao kwamba barafu ni "jambo la sekta binafsi". Mama mwenye ndoo si sekta binafsi? Au sekta binafsi ni mpaka uwe na tai?

Na takwimu, mkikusanya, ongezeni safu moja kwenye fomu. Ofisa uvuvi anaandika aina ya samaki na kilo. Mwambieni aandike na bei ya asubuhi na bei ya mchana. Mwaka mmoja tu, kwenye madiko yenye barafu na yasiyo na barafu. Hiyo tofauti mkiizidisha kwa kilo ndo hela ambayo wilaya hii inapoteza kila siku ya jua, na mkiiona nadhani hata Hazina watashtuka, maana ni hela ambayo haihitaji kuvua samaki hata mmoja wa ziada.

Mkija kutuona, na tunawakaribisha kwa moyo mweupe, msije kwa taarifa ya wiki mbili maana diko litafagiliwa, mizani itaazimwa na barafu italetwa. Na msije siku za maji mafu, maji yasipojaa wala kukupwa sana, mkasema mbona hakuna samaki. Ulizeni mzee yeyote atawatajia bamvua ijayo, mje alfajiri, mkae mpaka saa nane mchana. Majibu ya barua hii wekeni kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na ubao wa diko, kwa maandishi, yataje lini na yataje shilingi ngapi.

Mama mchuuzi,
Kilwa